Helen Hunt Jackson, mama aliyetetea ardhi ya wenye inchi kwa riwaya ya mapenzi

Mtu akisikia hadithi za Magharibi ya Marekani, mara moja anafikiria sinema za makowboi: farasi, bastola, vumbi, na mwanaume mmoja shujaa anayempata msichana mwishoni. Katika hadithi nyingi za namna hiyo, wenyeji wa kwanza wa inchi wanaonekana tu kama maadui wa kupigwa risasi. Lakini kabla vitabu vya makowboi havijaanza kuuzwa sana, kulikuwa mwana mama mmoja aliyeandika riwaya ya mapenzi kuhusu inchi hiyo hiyo, na yeye akachagua kusimama upande wa wale waliokuwa wakifukuzwa. Jina lake ni Helen Hunt Jackson. Kitabu chake Ramona, kilichotoka mwaka wa 1884, kimechapwa zaidi ya mara 300. Shida ni kwamba watu wengi walikipenda kwa sababu ambayo haikuwa ile yake.

Mjane asiye na mtoto

Helen Maria Fiske alizaliwa mwezi wa kumi mwaka wa 1830 huko Amherst, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, upande wa mashariki ya Marekani. Baba yake alikuwa mwalimu kwenye chuo kikubwa cha mji huo. Katika mji huo huo na mwaka huo huo alizaliwa pia Emily Dickinson, ambaye leo anahesabiwa kati ya washairi wakubwa wa Marekani. Wawili hao walijuana tangu utoto, na urafiki wao uliendelea hata uzeeni.

Matanga yalianza mapema. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu mwaka wa 1844, na miaka mitatu baadaye baba yake akafia Yerusalemu, mbali na nyumbani. Helen akabaki yatima, akasomeshwa kwenye shule za bweni. Mwaka wa 1852 aliolewa na Edward Hunt, afisa wa jeshi na injenia. Mtoto wao wa kwanza hakumaliza hata mwaka mmoja. Mwaka wa 1863 bwana yake alikufa katika ajali alipokuwa akijaribu silaha ya chini ya maji ambayo aliitengeneza mwenyewe. Mwaka wa 1865 mtoto wa pili, Rennie, kijana wa miaka 9, akachukuliwa na ugonjwa wa difteria.

Basi kufika miaka 34, Helen alikuwa hana wazazi, hana bwana, hana mtoto. Ndipo alipoanza kuandika. Alianza na mashairi ya huzuni, kisha habari za safari, kisha hadithi fupi. Hakuweka jina lake lote. Mara nyingi alitia tu herufi mbili, H.H. Kazi hiyo ilimlisha, na ikamjulisha kwa wasomaji wengi. Lakini wakati huo hakuwa mtetezi wa mtu yeyote. Hata wenyeji wa kwanza wa Amerika, ambao wazungu waliwaita Wahindi, aliwaona kwenye safari ya treni ya mwaka wa 1872 na akawaandika kwa dharau, sawa vile wazungu wengi wa siku zile.

Kwa sababu ya kifua chake, waganga walimshauri aende kwenye hewa ya milimani. Mwishoni mwa mwaka wa 1873 akafika Colorado Springs, mji mpya kabisa uliojengwa kando ya milima ya Rocky. Pale alikutana na William Jackson, mtu wa banki na wa njia ya reli, na wakaoana mwaka wa 1875. Maisha yakatulia. Alikuwa na nyumba nzuri, bwana mwenye mali, na jina kati ya waandishi. Angeweza kukaa hivyo hivyo mpaka mwisho.

Jioni moja Boston

Mwishoni mwa mwaka wa 1879 Helen alikuwa kwenye ziara Boston. Huko alikwenda kusikiliza mkutano wa Standing Bear, chifu wa kabila la Ponca. Pamoja naye alikuwa msichana wa kabila la Omaha, Susette La Flesche, aliyekuwa akitafsiri maneno yake kwa Kiingereza.

Habari ya Waponca ilikuwa hivi. Mwaka wa 1868 serikali ya Marekani, katika mkataba na kabila la Sioux, iliwapa Wasioux ardhi ambayo tayari ilikuwa ya Waponca, kando ya mto Niobrara. Lilikuwa kosa la biro. Badala ya kusahihisha karatasi, mwaka wa 1877 serikali iliwahamisha Waponca kwa nguvu kuelekea kusini, kwenye eneo ambalo leo ni Oklahoma. Wengi walikufa njiani na katika miezi ya kwanza, kwa malaria na njaa. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kiume wa Standing Bear. Baba yake alibeba mifupa yake, na pamoja na watu karibu 30 akarudi kwa miguu wakati wa baridi kali ili amzike kwenye ardhi ya mababu. Jeshi likamkamata. Kesi ikaenda mbele ya muamuzi Elmer Dundy, huko Omaha, na mwezi wa tano mwaka wa 1879 muamuzi akakata kwamba Muhindi ni mtu mbele ya sheria, kwa hiyo hawezi kufungwa bila sababu. Kwa mara ya kwanza tribinali ya Marekani ilitamka hivyo waziwazi.

Helen alitoka kwenye mkutano ule akiwa mtu mwingine. Marafiki zake walishangaa, maana alikuwa akiwacheka watu wanaoshika jambo moja na kulisema mchana na usiku, na sasa yeye mwenyewe akawa hivyo. Alianza kuandika kwenye magazeti ya New York. Aligombana kwa maandishi na Carl Schurz, minisita wa mambo ya ndani, aliyekuwa akisimamia mambo ya Wahindi. Aligombana pia na watu wa Colorado, jimbo lake mwenyewe, juu ya mauaji ya Sand Creek ya mwaka wa 1864, ambapo askari waliwaua Wacheyenne na Waarapaho zaidi ya mia moja, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Majirani wengi waliona mauaji yale kama vita vya halali. Yeye alileta ushahidi uliotolewa mbele ya wachunguzi wa serikali yenyewe, akauchapisha gazetini.

Kitabu chekundu

Miezi mingi Helen alijifungia kwenye maktaba ya Astor huko New York. Alisoma mikataba, rapoti za jeshi na barua za mawakala wa serikali. Hakutaka mtu aseme kwamba mama huyu analia tu. Alitaka kila neno liwe na karatasi yake. Matunda ya kazi hiyo yalikuwa kitabu A Century of Dishonor, kilichotoka mwaka wa 1881. Kinafuata makabila saba, moja baada ya lingine, na kuonyesha namna mikataba ilivyotiwa sahihi na kuvunjwa na serikali ile ile iliyoiandika.

Kwa pesa zake mwenyewe alituma kopi moja kwa kila mbunge, seneta na mdepite, ikiwa na jalada jekundu. Magazeti yalisema kidogo, wabunge wakanyamaza. Kitabu hakikuuzwa sana. Watu waliokisoma ni wale waliokuwa tayari wanakubaliana naye.

Kusini ya California

Kisha gazeti moja kubwa la New York lilimtuma California kuandika habari za misioni za zamani za Wafransisko. Misioni ya kwanza ilijengwa San Diego mwaka wa 1769, wakati California ilikuwa mikononi mwa Wahispania. Wenyeji walikusanywa humo, wakabatizwa, wakafanyishwa kazi ya mashamba na mifugo. Baadaye Mexico ilipata uhuru na ikavunja misioni hizo katika miaka ya 1830. Ardhi nyingi ikaingia mikononi mwa familia chache kubwa. Mwaka wa 1848, baada ya vita, California ikawa ya Marekani.

Hapo njama ya karatasi ilianza. Sheria ya mwaka wa 1851 ilisema kila mwenye ardhi apeleke madai yake mbele ya tume kwa muda wa miaka miwili, la sivyo ardhi itahesabiwa kuwa ya serikali. Wenyeji waliokaa kwenye vijiji vyao tangu mababu hawakuwa na avoka, wengi hawakujua hata kwamba sheria hiyo iko. Muda ukapita. Baada ya hapo mzungu yeyote aliweza kwenda kwenye biro ya serikali, kuandikisha shamba lenye nyumba, visima na mahindi ya watu, na kurudi na karatasi inayosema ni lake. Kijiji cha Temecula kilifutwa namna hiyo mwaka wa 1875: sherifu alikuja na watu wake, vitu vya familia vikapakiwa kwenye magari ya farasi, na Waluiseño wakatupwa kwenye bonde kavu.

Helen alitembea vijiji hivyo akiongozwa na ushauri wa Antonio na Mariana Coronel, mtu na bibi yake wa Los Angeles, ambao walijua vizuri mambo ya zamani. Mwaka wa 1882 serikali ilimpa kazi rasmi ya kuchunguza hali ya wale walioitwa Wahindi wa misioni. Wanawake waliopewa kazi ya namna hiyo walihesabika. Mwaka wa 1883, pamoja na Abbot Kinney, alizunguka kijiji kwa kijiji kwa gari la farasi, kwenye barabara mbaya za mlima, akiwa na miaka zaidi ya 50. Huko Saboba alikuta watu ambao mwenye karatasi alitaka kuwafukuza. Akatafuta maavoka wa Los Angeles wawatetee.

Rapoti yake ilikuwa na kurasa 56. Iliomba vitu vinavyoeleweka: mipaka ya vijiji ipimwe, wavamizi waondolewe, ardhi inunuliwe pale inapokosekana, shule zijengwe, na avoka wa kudumu awekwe. Mswada wa sheria ulipita kwenye Seneti, ukafia kwenye baraza la wadepite.

Kwa nini riwaya ya mapenzi

Sasa Helen alikuwa ameandika kitabu cha historia, ameandika magazetini, ameandika rapoti ya serikali. Vyote vilikuwa vya kweli, na vyote viliwekwa kwenye kabati. Aliwaza Harriet Beecher Stowe, ambaye riwaya yake ya mwaka wa 1852 kuhusu watumwa iligusa mioyo ya watu kuliko hotuba zote. Akaona kwamba mtu asiyeweza kusoma kurasa 56 za rapoti atasoma kurasa mia nne kama ndani kuna watu wawili wanaopendana. Aliamua kuficha dawa chungu ndani ya sukari.

Tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1883, kwenye chumba cha hoteli New York, alianza kuandika. Tarehe 9 mwezi wa tatu mwaka wa 1884 alikuwa amemaliza. Kwa kitabu kikubwa hivyo, ni kasi ya ajabu, lakini haikuwa muujiza: hadithi yote alikuwa amekwisha kuiona kwa macho au kuipata kwa mdomo wa wenye kuteseka.

Ramona ni msichana yatima, baba mzungu wa Scotland, mama mwenyeji. Amelelewa na Señora Moreno, mjane wa familia kubwa ya Kimexico, mwanamke anayesali sana lakini hana upendo kwa mtoto huyo. Wakati wa kukata manyoya ya kondoo anafika Alessandro, mtoto wa chifu wa Temecula, kiongozi wa wakataji. Wanapendana. Mama mlezi anakataa, na Ramona anatoroka na mpenzi wake. Lakini wakati huo huo Temecula inafutwa. Wanahama kijiji kimoja, kijiji kinachukuliwa. Wanahama kingine, mambo ni yale yale. Mtoto wao anakufa kwa kukosa mganga. Akili ya Alessandro inaanza kuvurugika. Siku moja anarudi na farasi ambaye si wake, na mwenye farasi anamfuata na kumpiga risasi mbele ya mlango wa nyumba.

Hata kifo hicho hakikubuniwa. Mwezi wa tatu mwaka wa 1883, katika milima ya San Jacinto, Mcahuilla mmoja jina lake Juan Diego, aliyejulikana kuwa na ugonjwa wa akili, alirudi nyumbani na farasi wa Sam Temple. Temple alimfuata, akamuua mbele ya mke wake, kisha akaenda mwenyewe kwa muamuzi wa kijiji na kusema kwamba alijilinda. Akaachiliwa. Helen alisikia habari hiyo akiwa kwenye uchunguzi wake. Alichofanya ni kuondoa majina na kumpa msomaji muda wa kumpenda marehemu kabla hajauawa. Nyumba ya Señora, na bustani yake, aliichora kutokana na mashamba ya zamani aliyoyatembelea, na mojawapo, Rancho Camulos, alikaa huko masaa machache tu.

Maua yalipendwa, kilio hakikusikika

Ramona ilianza kutoka kwa sehemu kwenye gazeti la Wakristo mwezi wa tano mwaka wa 1884, na kama kitabu mwezi wa kumi na moja. Ndani ya miezi kumi kopi karibu 15 000 ziliuzwa. Lakini Helen aliposoma maoni ya wachambuzi alivunjika moyo. Wengi walisifia mapenzi, bustani, kengele za kanisa, desturi za Wahispania. Wachache ndio waliotaja ardhi iliyoibiwa.

Afya yake nayo ilikuwa imeanguka. Katikati ya mwaka wa 1884 alianguka kwenye ngazi za nyumba yake na kuvunjika mguu vibaya. Akaenda California kutafuta hali nzuri, lakini kansa ya tumbo ilikuwa imekwisha kumshika. Akiwa kitandani San Francisco, siku nne kabla ya kufa, alimwandikia raisi Grover Cleveland barua ya kumwomba asome kile kitabu chekundu na kuwatendea wenyeji haki. Aliaga dunia tarehe 12 mwezi wa nane mwaka wa 1885, na miaka 54. Alizikwa kwanza kwenye mlima wa Cheyenne, karibu na Colorado Springs, mahali alipopenda kukaa na kutazama.

Miaka hiyo hiyo reli mpya zilifika kusini ya California, na nauli ya treni ikashuka. Wageni kwa maelfu walikuja, wengi wakiwa na Ramona mkononi. Waliuliza iko wapi nyumba yake, iko wapi kanisa alimofunga ndoa. Wafanyabiashara wakawaonyesha. Kulikuwa picha za posta, majina ya barabara, hata miji. Mke wa Juan Diego, Ramona Lubo, aligeuzwa kuwa kitu cha kutazamwa na watalii. Hollywood ilitengeneza sinema: ya mwaka wa 1910 aliichezea Mary Pickford, ya mwaka wa 1928 Dolores del Río. Huko Hemet, tangu mwaka wa 1923, tamthilia ya Ramona imekuwa ikichezwa kwenye mlima. Kitabu kilichotaka kuwarudishia watu ardhi kilisaidia kuwaita wanunuzi wapya wa ardhi hiyo.

Wachambuzi wa baadaye wana lawama zingine. Wanasema Helen alimfanya Ramona nusu mzungu, aliyelelewa kwenye sebule ya matajiri, ili wasomaji wazungu waweze kumhurumia. Wanasema pia alipaka misioni na mashamba ya Kimexico rangi nzuri, akanyamazia kazi ya nguvu ambayo wenyeji walifanyishwa humo. Lawama hizo zina uzito. Kwa upande mwingine, José Martí, mpigania uhuru wa Cuba, alikisoma kitabu hicho na kuona ndani yake sauti ya Amerika nzima inayonyanyaswa. Alikitafsiri kwa Kihispania akiwa uhamishoni New York.

Kwenye upande wa sheria, matokeo yalikuwa mchanganyiko. Watu wa Saboba, waliotetewa na wale maavoka aliowatafuta, walishinda kesi yao kwenye korti kuu ya California mwaka wa 1888, naye alikuwa tayari kaburini. Mwaka wa 1891 Bunge lilipitisha sheria kwa ajili ya Wahindi wa misioni, ikichukua mengi ya yale aliyoyaomba kwenye rapoti. Uzao wa watu hao bado wako kwenye ardhi ya Soboba mpaka leo. Lakini mwaka wa 1887 ilikuwa imepita sheria nyingine, ya inchi nzima, iliyoungwa mkono na watu wengi waliojiita marafiki wa Wahindi. Ilikata ardhi ya kabila kuwa vipande vya mtu mmoja mmoja, na kilichobaki kikauzwa kwa walowezi. Mwaka huo makabila yalikuwa na karibu hekta milioni 56. Mwaka wa 1934 yalibaki na karibu milioni 19.

Helen hakuishi kuiona sheria hiyo. Waandishi wa makowboi waliomfuata walichukua milima na farasi, na mara nyingi waliwaacha wenye inchi nje ya hadithi. Ramona yenyewe bado inachapwa, bado inauzwa kama riwaya ya mapenzi. Anayeifungua anakuta mapenzi kweli. Akiendelea kusoma anakuta pia Temecula, magari yaliyopakiwa vyombo vya watu, na mwanaume aliyeuawa bila mwuaji wake kuhukumiwa, na hayo yote yalitokea.